Kiti Chako Kiko Palepale

Tarehe 3 Machi

Mwanangu Chiriku,

Hujambo? Sisi huku hatujambo, ila mimi nimechanganyikiwa, na usicheke kabla hujafika mwisho wa barua.

Usishangae kuona kalamu. Simu nimempa Mjomba wako, maana tangu uweke namba yangu kwenye ule ukurasa wa karakana inalia asubuhi mpaka jioni, na kila anayepiga anataka kujua bei ya kochi la watu watatu. Mimi ni mshona vitambaa, bei nazijulia wapi? Barua hii ameibeba dereva wa gari la sponji, yule anayekwenda kwenye mji wenu kila wiki kuchukua mzigo. Ukijibu, mpe yeye. Anaitia mfukoni mwa shati na hamwonyeshi mtu.

Sasa sikia. Juzi nilikwenda zahanati kupima presha. Nimekaa kwenye benchi, pembeni yangu kuna msichana na simu yake. Mara nasikia mtu anasema: "Rudi nyumbani, mwanangu. Mlango sijaufunga. Kiti chako kiko palepale, hakuna aliyekikalia." Nikajisemea moyoni, huyu mama naye ana uchungu kama wangu. Nilimwonea huruma, Chiriku. Nilimwonea huruma mpaka nikageuka nimtafute nimpe pole. Sauti ikarudia, ikarudia tena, maneno yale yale, na hapo ndipo nilipojitambua. Ni mimi! Nikachungulia kwenye kioo. Namwona binti mzuri, nywele zimemwagika mpaka mabegani, anachezesha midomo na sauti inayotoka ni yangu, mkononi kashika chupa ya mafuta ya nywele. Nikamgusa yule msichana bega nikamwambia, "Mwanangu, huyo anayesema ni mimi." Akanitazama nywele, akasogea pembeni.

Nilipoingia ndani nesi akaniuliza kama nimekuja mbio.

Nikadhani nimesikia vibaya. Jana nimekwenda kwa muuza nyama, naye ananionyesha simu yake: mbuzi katoroka, anakimbia barabarani na kamba shingoni, na anaambiwa arudi nyumbani kwa sauti yangu mimi. Muuza nyama alicheka mpaka akakosea kukata.

Maneno yale nilikutumia wewe. Nilikaa nyuma ya karakana juu ya kreti la soda, nikabonyeza pale pa kurekodi kama ulivyonifundisha, nikatoa yaliyonikaa kifuani, nikakwambia mfikishie kaka yako Kobe, kwa kuwa wewe ndiye uliyebaki na namba yake. Sikumtumia mwenye mafuta ya nywele. Sikumtumia mbuzi. Sasa nieleze polepole: sauti yangu imetokaje humo? Simu ilibaki wazi kama bomba? Au kuna mtu alikuwa amejibanza pale nyuma akinisikiliza?

Na Kobe alisema nini aliposikia? Mwaka wa pili huu sijasikia hata kikohozi chake.

Andika herufi kubwa, miwani ni ile ile.

Mama yako


Tarehe 10 Machi

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisomea kazini, wenzangu wakakusanyika wakidhani ni hati ya kiwanja. Mmoja aliinusa! Hawajaona barua ya kalamu tangu shuleni.

Mama, usiogope, hakuna aliyejibanza. Ngoja nikueleze kazi yetu ilivyo, maana nadhani sijawahi kukueleza vizuri. Zamani mwenye duka alilipia tangazo redioni, likasikika, likaisha. Siku hizi tangazo la namna ile watu wanaliruka kwa kidole. Wanachokiamini ni kile walichotumiwa na shoga, na shemeji, na jirani. Kwa hiyo sisi hatutangazi tena, sisi tunatengeneza kitu ambacho mtu atakibeba mwenyewe kwa hiari yake na kumpelekea mwenzake, akidhani anamchekesha au anamliza, kumbe amebeba kochi la Mjomba kichwani. Na mitandao hii inamruhusu mtu kuchukua sauti kwenye video yako na kuiweka kwenye ya kwake. Haijaibwa, Mama. Imeazimwa. Kila anayeiazima anaisukuma mbele kidogo, na mtu akitaka kujua ilikotoka anabonyeza, anarudishwa kwetu.

Niliweka kipande kidogo tu. Picha ya kile kiti cha Kaka kando ya mlango, asubuhi, jua limekipiga, na sauti yako juu yake. Basi. Chini nikaandika habari za makochi. Mjomba amekwambia kwamba ameongeza mafundi? Na bosi wangu, ambaye mwaka mzima aliniita "wewe wa dirishani," sasa ananiita kwenye meza yake na kuniuliza maoni. Mimi! Yule uliyemwambia domo lake halitamlisha!

Kuhusu Kaka usiwe na wasiwasi. Ujumbe wako umekwenda mbali kuliko ambavyo ungekwenda kwa simu. Umefika sehemu nyingi sana.

Pumzika, kunywa dawa za presha, na ukisikia sauti yako mtaani jivunie.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 17 Machi

Chiriku,

Unasema umefika sehemu nyingi sana. Mimi nilikutuma sehemu moja.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila nikimaliza najua kidogo kuliko nilivyoanza. Sauti imeazimwa. Haya. Kitu kikiazimwa mwenyewe anaombwa, na kikirudishwa anashukuriwa. Mimi nimeombwa na nani? Na itarudishwa lini?

Hebu nikwambie huku kulivyo. Mjomba wako amekitoa kiti cha Kobe pale ndani kando ya mlango, amekiweka barazani, na juu yake ametundika kitambaa kikubwa kilichoandikwa KITI NI HIKI HAPA. Watu wanakuja kupiga picha. Wanakikalia, Chiriku! Wanakaa wawili wawili, watoto wanarukaruka, na huku wananionyesha simu yenye sauti yangu inayosema hakuna aliyekikalia. Nikiwaambia inukeni wananicheka na kunirekodi nikisema inukeni.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, amevaa vizuri, kapanda teksi. Hakutaka kochi. Alinishika mkono akalia, akaniambia wa kwake aliondoka akiwa na miaka kumi na tisa, na kwamba siku aliyoisikia sauti yangu alikwenda akafungua mlango wa nyumba yake na kukaa nao wazi mpaka asubuhi. Tulilia wote wawili. Alipoondoka sikujua kama nimemsaidia au nimemdanganya, kwa sababu na yeye alidhani wangu ameshasikia.

Halafu kuna mwenye duka la magodoro. Ameifunga sauti yangu kwenye spika juu ya gari lake, anazunguka nayo mtaani. Nakaa kwenye cherehani, nasikia kwa mbali "rudi nyumbani, mwanangu," na kila mara, hata nikijua ni godoro, nageuka kutazama mlango. Mwili haujifunzi.

Bwana huyo huyo alikuja kuniomba niseme upya, niongezee neno godoro. Nisikufiche, nilijaribu. Nilikuwa nimechoka kukataa na Mjomba wako alikuwa amesimama pale na simu, meno yote nje. Ikatoka kama ya mtu mwingine. Yule bwana akasema, "Mama, jaribu kuiga ile ya kwanza." Nijiige mimi mwenyewe! Nikajaribu tena nikashindwa, na usiku nikawa najiuliza ni ipi sasa iliyo sauti yangu, ile iliyo mitaani au hii iliyobaki.

Saa nyingine watu wakinisalimia barabarani kwa heshima nafurahi, siwezi kusema sifurahi. Kisha najichukia. Nieleze na hilo kama kazini kwenu linajulikana.

Nakuuliza kwa mara ya pili, na safari hii usinipige chenga. Kobe alijibu nini?

Mama yako


Tarehe 24 Machi

Chiriku,

Ni mimi. Usipige kelele huko ofisini.

Jina la kampuni yenu nimeliona chini ya ukurasa wa karakana. Barua anakuletea dereva wa basi. Siku hizi nashona viti vya mabasi kwenye gereji moja, kazi ni ile ile, ila abiria hawasemi asante. Mama usimwambie niliko.

Nina swali, na unanijua, mimi nikiuliza swali nimeshalizungusha kichwani wiki nzima. Hamkuniita Kobe bure.

Mwezi uliopita fundi breki alituonyesha video ya mbuzi anayetoroka. Mwanamke anamwambia rudi nyumbani, mwanangu. Tulicheka wote. Nilicheka mimi, na sindano mkononi. Akairudia, na safari ya pili nikanyamaza, kwa sababu kwenye neno "palepale" sauti inapungua kidogo, kama mtu anayemeza mate. Namjua mtu mmoja tu anayelisema hivyo.

Nikatoka nje nikasimama nyuma ya basi bovu. Nilifungasha begi siku ile ile na ruhusa nikaomba. Kisha nikasema ngoja kwanza nione imetoka wapi. Nikabonyeza, nikapelekwa kwa binti wa mafuta ya nywele, nikabonyeza tena, na mwisho nikakiona kiti changu, na chini yake: "Makochi imara, bei nafuu, tunakuletea mpaka mlangoni." Nikafungua begi nikarudisha nguo kwenye msumari.

Sasa niambie kweli. Lile ni Mama au ni tangazo? Mjomba ndiye aliyempa maneno ya kusema? Ulimpa wewe? Na kama ni yeye, mbona ameniambia pamoja na dunia nzima? Na mbona hasemi chochote kuhusu siku ile?

Wewe hukuwepo, nikueleze. Niliikata mahameli ya mteja vibaya. Unajua manyoya yake yanalala upande mmoja, mimi vipande viwili nikavikata vikiangalia juu na viwili vikiangalia chini, kochi likaonekana la rangi mbili. Kosa ni langu, sikatai. Mjomba alinitukana mbele ya wateja, akasema asiyejua juu na chini ya kitambaa asikanyage tena hapa. Hayo nimeshayasahau. Lakini Mama alikuwa pale pale, ameinamia kochi, na hakufungua mdomo. Nilisimama mlangoni nikamngoja. Akainua uso, akanyanyua mkono, ananiaga. Ndivyo nilivyoondoka, nimeagwa.

Kwa hiyo mtu aliyeniaga kwa mkono sasa ananiita kupitia mbuzi. Mimi sielewi. Nieleze wewe uliyesomea mambo haya.

Kobe


Tarehe 29 Machi

Shikamoo Kaka,

Nilipiga kelele. Mlinzi alikuja mpaka mezani.

Ni Mama. Hakuna aliyempa neno hata moja. Aliirekodi peke yake na kunitumia mimi nikufikishie wewe, na mimi namba yako ilikuwa imekufa tangu mwaka jana, nikaona aibu kumwambia. Kila alipouliza nilisema nitaipeleka, nitaipeleka. Ikakaa kwenye simu yangu.

Siku moja kazini bosi alitaka kitu kipya kwa ajili ya maduka madogo, na sisi wote vichwa vitupu. Mimi nikawa naisikiliza ile sauti kwenye spika za masikio, nikalia. Wa meza ya pili akaniuliza kuna nini, nikampa asikilize, akalia. Bosi akapita, akasikiliza, akalia na yeye, Kaka, mtu mzima na tai yake. Akajifuta uso akasema, "Ni ndefu. Ikate."

Nikaikata. Nilijiambia nikiisambaza itamfikia Kaka popote alipo. Kweli nilijiambia hivyo. Na pia nilijua itauza. Nimekaa siku nyingi najaribu kukumbuka ni wazo lipi lililotangulia na siwezi, na nikisema ni lile zuri najihisi kama naandika tangazo lingine.

Unauliza mbona hasemi chochote kuhusu siku ile. Labda alisema. Baada ya "hakuna aliyekikalia" aliendelea. Akaanza habari za pini. Mimi nikadhani ameshahamia kwenye kazi, si unamjua, akilia kidogo anarukia kazi, basi nikakatia hapo. Ile ndefu ilikuwa kwenye simu yangu iliyotumbukia kwenye ndoo ya kudekia. Kwenye simu ya Mama nayo haipo, Mjomba amefuta kila kitu apate nafasi ya picha za makochi. Kipande kiko kila mahali, Kaka, mpaka kwa mbuzi. Chote kizima hakipo popote.

Kuna jingine, na nakwambia wewe kwa kuwa Mama sina ujasiri wa kumwambia. Watu wanauliza huko chini ya video, wanauliza kwa maelfu: "Je, mtoto alirudi?" Bosi anataka sehemu ya pili, mtoto anarudi, mama anadondosha machozi, kochi jipya nyuma yao. Nimemwambia hatujui uliko. Akasema hakuna shida, atatafuta mtu wa kurudi badala yako. Nilidhani anatania.

Nimeificha barua yako. Mama sijamwambia. Ila tafadhali, mwandikie mwenyewe.

Mdogo wako,
Chiriku


Tarehe 4 Aprili

Chiriku,

Jumamosi nilikuwa mezani nachora kitambaa kwa chaki. Mlango ulikuwa wazi. Akaingia kijana, begi mgongoni, kofia imefunika macho, anatembea polepole vile vile, mguu wa kulia unachelewa. Nikaangusha mkasi. Nilimfikia nikamshika mabega, na nilishamwita. Nilishamwita jina, unanielewa?

Akaivua kofia. Mtoto wa watu simjui, ananitazama kwa woga. Nyuma yake mwanamume na kamera anasema, "Vizuri sana, Mama! Vizuri sana! Sasa turudie, ila usimshike haraka hivyo."

Nikamuuliza yule kijana nani amemfundisha kutembea vile. Akasema ameelekezwa na ofisi yenu.

Katika ofisi yenu ni nani anayejua mwendo wa Kobe?

Nimewafukuza kwa rula ya mbao. Mjomba wako amekwenda kuwaomba radhi. Nimeufunga mlango, wa mbele na wa nyuma, na sitaki maelezo mengine ya mitandao. Nataka jibu la neno moja. Kaka yako uliwahi kumfikishia?

Mama yako


Tarehe 8 Aprili

Mama,

Hapana.

Mwendo niliueleza mimi, mezani kwa bosi, nilipoulizwa kaka yangu yukoje. Nilikuwa namkumbuka tu. Sikujua wanaandika. Kuhusu kuja kwao nimejua kwa barua yako.

Video yetu nimeifuta leo asubuhi. Zilizoazimwa zinabaki, hizo hakuna mtu mwenye uwezo nazo. Bosi amenirudisha dirishani.

Kobe yuko hai, mzima, na ameniandikia. Anasema siku ile ulinyanyua mkono ukamuaga. Mengine atakwambia mwenyewe. Nisamehe ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Chiriku


Tarehe 9 Aprili

Shikamoo Mama,

Ni mimi Kobe. Niko salama, nina kazi, nakula vizuri.

Nimesikia sauti yako kama walivyoisikia wote. Chiriku anasema kulikuwa na maneno mengine akayakata. Anasema ulikuwa unaeleza habari za pini.

Pini gani, Mama?

Mwanao


Tarehe 13 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko wako bado unalalia upande mmoja kama mtu aliyechoka, nimeujua kabla dereva hajanipa. Nimekaa nayo barua kwenye kreti la soda, sikuifungua haraka, nikijua ikishafunguliwa imeshafunguliwa. Siku hizi sina uhakika na vitu. Nikaivuta karatasi nione kama ni wewe au ni mtu aliyeelekezwa.

Halafu nikaona swali lako. Ni wewe. Hakuna mwingine katika dunia hii nzima iliyonisikia aliyewahi kuniuliza nilimalizia vipi.

Siku ile nilikuwa nabana mahameli kwenye mkono wa kochi la yule mteja. Unajua ninavyobana. Pini zote nazitia mdomoni, nachomoa moja moja. Marehemu baba yako alinikataza mpaka akachoka. Mjomba wako akaanza kukutukana. Nikataka kumwambia mwache mtoto, ni kitambaa tu, kitanunuliwa kingine. Nikajaribu kuzitema, moja ikageuka ikanichoma ulimi. Nikafumba mdomo kwa maumivu, machozi yakanijaa, na nilipoinua uso nakuona mlangoni unanitazama. Siwezi kusema, mdomo umejaa pini na damu. Nikanyanyua mkono.

Dada yako kaniletea habari kwamba nilikuaga. Mwanangu, nilikuwa nakwambia subiri.

Nilipozitoa zote ulikuwa umeshavuka barabara. Nilikimbia mpaka kwenye kona, nikakosa hata kivuli chako. Hivyo ndivyo nilivyosema kwenye ile simu, baada ya kiti. Nilieleza pini yote. Ikakatwa kwa sababu inarefusha.

Dada yako usimkasirikie sana. Mimi namkasirikia, nakwambia wazi, ninapomfikiria yule kijana wa kofia naona giza. Lakini pia kama asingeisambaza, wewe usingeniuliza habari za pini. Sijui mambo haya mawili yanakaaje kwenye moyo mmoja. Yamekaa.

Sitakwambia rudi. Neno hilo umeshaambiwa na muuza mafuta na muuza magodoro, na mbuzi ameambiwa pia. Nikilisema tena utauliza bei.

Nitakwambia jinsi mambo yalivyo leo. Kiti chako kimekaliwa. Kimekaliwa na mji mzima. Springi imejitokeza katikati, mikanda ya chini imelegea, mkono wa kushoto umepauka kwa jasho la watu. Nimekiondoa barazani, nimekiingiza chumbani kwangu, na Mjomba wako amenuna siku ya tatu sasa. Jana alikuja akasimama mlangoni, akakitazama, akasema kwa sauti ndogo kwamba yule kijana wa mahameli angeijua hiyo mikanda. Nilijaribu kuvuta mikanda mwenyewe, vidole vimekataa. Kinahitaji fundi.

Na mlango naufunga siku hizi, kwa ajili ya watu wa kamera. Anayetaka kuingia anagonga. Wewe ukigonga nitajua, maana unagonga mara moja halafu unasahau kugonga tena.

Mama


Tarehe 18 Aprili

Mama,

Mikanda usinunue. Tunayofungia viti vya mabasi haikatiki, nimepata ya kutosha, naileta. Springi ninayo pia.

Ruhusa nimeomba, begi liko mlangoni. Nitafika Jumamosi, labda nichelewe kidogo, unanijua. Mwambie Mjomba nimekubali kwamba nilikata juu chini, na simu yake aiweke mfukoni. Chiriku naye aje kama atapenda, aje na mikono mitupu.

Nitagonga.

Jumamosi usibane kitambaa chochote, Mama. Pini ziache mezani.

Kobe